Mlingoti Juu ya Paa: Televisheni na Mafundi Wake Katika Historia ya Tanzania

Utangulizi

Historia ya utangazaji kwa kawaida huelezwa kutoka upande wa kituo. Tunasoma mtambo ulifunguliwa mwaka gani, nani aliufungua, na matangazo ya kwanza yalihusu nini. Upande wa pili, yaani upande wa nyumba inayopokea matangazo hayo, huachwa kana kwamba picha hujiingiza ndani zenyewe. Lakini kila aliyewahi kuishi na televisheni anajua kuwa kabla ya picha kuonekana mtu fulani alipanda juu ya paa, akafunga mlingoti, akauzungusha huku na huku, akapitisha waya dirishani, kisha akauliza kwa sauti, "Sasa je?" Na mtu mwingine aliyekuwa ndani akamjibu, "Bado!" Mtu huyo wa juu ya paa ni fundi. Katika makala haya tutamfuata yeye.

Tunamfuata kwa sababu kazi yake ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Chombo cha burudani, kiwe santuri, redio au televisheni, hakikuzaliwa na mahali pake katika nyumba ya Mtanzania. Hapana budi kitafutiwe mahali. Na pale kinapowekwa ndipo panapoamua ni cha nani: cha mwenye nyumba peke yake, cha jamaa zake, cha mtaa, au cha kijiji kizima. Swali hilo la mahali ndilo, kwa maoni yetu, lililofanya pande mbili za Muungano zifuate njia mbili tofauti juu ya televisheni kwa muda wa miaka 20. Ndilo pia ambalo kila nyumba inaendelea kulijibu hata leo, ijapokuwa aghalabu hailitamki.

Nyumba kabla ya chombo

Nyumba ya pwani ya zamani ilikuwa na mpango wake. Nje palikuwa na baraza ya kukaribishia wageni na wapita njia; kisha daka, ukumbi, na vyumba vya ndani ambavyo havikuingiwa na mtu baki. Katika nyumba za mawe za wenye uwezo, kuta zilikatwa zidaka, na humo ziliwekwa sahani za kauri, vitabu, na vitu vingine vya thamani. Kila kitu kilikuwa na daraja yake: cha kuonyeshwa kilikaa mahali pa kuonekana, na cha siri kilikaa ndani. Huko bara nako, katika makabila mengi, burudani ya jioni ilikuwa na mahali pake palipojulikana, penye moto, ambapo wazee walisimulia ngano na watoto wakaitikia. Burudani haikuwa mali ya kufungiwa mlango. Msimulizi asiye na wasikilizaji hakuwa msimulizi.

Katika mpango huo ndimo kilimoingia chombo cha kwanza cha kuhifadhi sauti. Gramafoni ilikuwa sanduku lenye kamani ya kuzungushwa kwa mkono, sindano ya chuma, na sahani ya santuri ambayo kila upande wake ulichukua dakika tatu hivi tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kuimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya kurekodi. Santuri hizo ziliporudi pwani ya Afrika Mashariki, watu wengi waliosikia sauti yake hawakuwa na gramafoni. Waliisikia mikahawani na barazani, mahali ambapo mwenye chombo alikiweka ili kivute watu. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa mwimbaji huyo, alitambua kuwa sifa yake ilivuka mipaka ya kisiwa. Sisi tunaongeza kuwa sifa hiyo ilivukishwa na vyombo vilivyokaa karibu na mlango, si na vilivyofichwa ndani.

Waya wa kwanza

Redio ilileta jambo jipya, nalo ni kufunga mitambo. Gramafoni ilitaka kamani ijazwe, basi. Redio ilitaka ielekezwe kwenye mawimbi. Unguja ilianza kuwa na matangazo yake mwaka 1951, na mwaka huo huo Dar es Salaam nayo ikaanza. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kazi hiyo ikawa chini ya serikali kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilitumia taa za kioo na zilikula umeme mwingi. Ugunduzi wa transista mwaka 1947 huko Marekani ndio uliowezesha redio ndogo ya betri kavu kufika shambani. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilianza kuunganisha redio na kutengeneza betri katika viwanda vilivyowekwa nchini, na redio ya mkononi ikawa zawadi ya kupelekwa kwao na kila kijana aliyetoka mjini.

Mwenye redio ya masafa mafupi alijifunza upesi kuwa waya mrefu uliotandazwa kutoka dirishani hadi juu ya mwembe huleta sauti safi kuliko fimbo ya redio yenyewe. Huo waya wa mwembeni ndio mwanzo wa ufundi tunaouzungumzia. Aliyeujua aliitwa na majirani, na aliyeitwa na majirani akawa fundi kabla hajaona darasa lolote la umeme.

Serikali ilielewa nguvu ya chombo kilichowekwa mahali pa wote. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Chombo hakikuhesabiwa kwa idadi ya wenye nacho, bali kwa idadi ya waliokizunguka. Tutaona kuwa kipimo hiki ndicho kilichotumika pia katika kuipima televisheni.

Unguja yapokea, Bara yasita

Katika mwaka huo huo wa 1973 Televisheni ya Zanzibar ilianzishwa. Mradi huo ulifikiriwa katika uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, na ukakamilishwa chini ya Alhaji Aboud Jumbe. Fedha za karafuu ndizo zilizoiwezesha Serikali ya Mapinduzi kuchukua hatua hiyo. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini picha zao zilikuwa nyeusi na nyeupe. Unguja ilianza moja kwa moja na rangi, na kituo chake kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuanza matangazo ya kawaida ya televisheni hadi Januari 1976.

Jambo linalotuhusu zaidi ni namna seti zilivyowekwa. Seti ya rangi ilikuwa ghali mno kwa mkulima wa karafuu au mvuvi. Kwa hiyo seti ziliwekwa mahali pa mikusanyiko, mijini na mashamba, watu wakaja jioni na mikeka yao. Kisanduku kiliinuliwa juu ili aliyekaa nyuma naye aone, na kikafungiwa milango ya mbao kulindwa mchana. Watoto walikaa mbele, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, kama walivyokaa katika shughuli nyingine yoyote ya mtaa. Taarabu, michezo ya kuigiza, habari na mafunzo ya dini vilitazamwa na watu waliojuana, na kila kilichoonekana kilijadiliwa papo hapo. Baraza ilikuwa imepata kidaka chenye kuwaka.

Upande wa Bara mambo yalikwenda vingine. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliona kuwa televisheni ilikuwa anasa kwa nchi ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na umeme, maji wala zahanati. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetangaza usawa na kujitegemea. Televisheni ingalianza, ingaliwafikia wakazi wachache wa mijini wenye umeme na fedha, na fedha za kigeni za taifa zima zingalitumika kuwaburudisha hao. Kwa sababu hiyo Bara haikujenga kituo, na uingizaji wa seti ukabanwa.

Uamuzi huo umelaumiwa na umesifiwa, na mara nyingi pande hizo mbili huelezwa kana kwamba Unguja ilipenda maendeleo na Bara iliyaogopa. Maelezo hayo hayatoshi. Tukitazama vizuri tutaona kuwa pande zote mbili zilikuwa zikijibu swali moja: seti itakaa wapi, na nani atakayeitazama? Unguja, kisiwa kidogo chenye watu waliokaribiana, iliweza kujibu, "Itakaa uwanjani, na wote wataitazama." Bara, nchi pana yenye vijiji vilivyotawanyika mbali na nguzo za umeme, iliona kuwa seti itaishia katika sebule ya mwenye cheo. Majibu yalitofautiana kwa sababu hali zilitofautiana, lakini hofu ya chombo kufungiwa mlango ilikuwa moja.

Milingoti ya Dar es Salaam

Mawimbi hayana pasi ya kusafiria. Mji wa Unguja uko kiasi cha kilomita 45 kutoka Bagamoyo na kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na katikati hakuna mlima wala msitu, ni bahari tupu. Haikuchukua muda kabla watu wachache wa mwambao kugundua kuwa wakiinua antena juu vya kutosha wataiona picha ya Unguja. Milingoti ikaanza kuchomoza juu ya mapaa ya Dar es Salaam, mirefu kuliko minazi mingine, ikiwa imefungwa kwa kamba za waya pande tatu au nne kama mlingoti wa jahazi. Yote ilielekea upande mmoja, kaskazini, kuvuka maji.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuuhesabu ufundi huo. Mawimbi ya televisheni hayafuati sana mviringo wa dunia. Husafiri karibu kama mwanga, hata yakafika kwenye upeo wa macho na kuupita kidogo. Ukichukua urefu wa antena kwa mita, ukatafuta kipeuo chake cha pili, ukazidisha kwa 4.12, utapata kwa makadirio umbali wa upeo huo kwa kilomita. Antena iliyoinuliwa mita 10 inafika kilomita 13; iliyoinuliwa mita 20 inafika kilomita 18 na kidogo. Unguja ni kisiwa cha chini, ambacho kilima chake kirefu hakizidi sana mita 120. Tukichukulia kwa mfano kuwa antena ya kurushia iko mita 200 juu ya bahari, upeo wake ni kilomita 58. Jumlisha 58 na 13 upate 71. Yaani mlingoti wa mita 10 mjini Dar es Salaam ungeiona picha kwa shida, na kila mita iliyoongezwa ilikuwa na thamani yake. Fundi hakuiandika hesabu hiyo, lakini aliijua kwa mikono yake.

Alijua na mengine. Antena yenye matawi, iliyobuniwa mwaka 1926 huko Japani na Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda, hutaka kila tawi liwe na kipimo chake. Kwa mawimbi ya megahezi 200, ambayo urefu wake ni mita 1.5, tawi linalopokea huwa karibu nusu ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Tawi la nyuma huwa refu kidogo ili lirudishe mawimbi mbele, na ya mbele huwa mafupi kidogo ili yayakusanye. Fundi aliyenunua vibomba vya alumini aliweza kuitengeneza antena hiyo kwa msumeno na futi. Asiye na vibomba alijaribu mifuniko ya sufuria, na nyakati nyingine ikakubali. Aidha fundi alijua kuwa kuna siku za joto na unyevu ambapo tabaka za hewa juu ya bahari huyapinda mawimbi na kuyafikisha mbali isivyo kawaida, na kwamba picha safi ya siku hiyo si ya kumwahidi mteja.

Historia imefanya mzaha wake mwema hapa. Mwaka 1980 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba huko Unguja. Kuanzia hapo umeme wa Bara ulivuka kwenda kuwasha taa na televisheni za Unguja, na picha za Unguja zikavuka kuja kuonekana Bara, ambako serikali haikuwa na kituo. Umeme ulipita chini ya maji, picha zikapita juu yake. Na mahali waya huo ulipotua ndipo Siti binti Saad alipozaliwa. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008 kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani, na sebule zikanyamaza hadi usiku wa hadithi ukarudi kwa muda.

Mkono wa fundi

Yafaa tusimame kidogo tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa ni sehemu ya utamaduni wa nchi kama ilivyo kazi ya mjume au ya mjenzi wa jahazi. Fundi wa televisheni alikuja na bisibisi, koleo, spana, chuma cha kulehemu, risasi ya kuungia na kipima umeme. Kwanza aliitazama nyumba. Ukuta wa mawe na chokaa haushiki msumari kama ukuta wa matofali ya saruji, na ukuta wa udongo haushiki kabisa; mlingoti wa nyumba ya udongo ulisimikwa ardhini kando ya nyumba. Kisha alitafuta njia ya waya, ambao ulipaswa kuingia ndani ukiwa umepinda kwanza kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondoke nje yasiufuate hadi kwenye seti. Maungio aliyafunika kwa sababu chumvi ya bahari huyala. Na mlingoti wa chuma ulipaswa kuunganishwa na ardhi kwa waya mnene, kwa kuwa kitu kirefu kuliko vyote mtaani ndicho radi inachokitafuta kwanza.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Ndani ya seti ya zamani ya rangi mlikuwa na nguvu ya umeme ipatayo volti 25,000, na baadhi ya sehemu zake zilibaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi mwema alimkataza mwanafunzi wake kutia mikono yote miwili ndani ya kisanduku. Mafundi wengi hawakujifunza vyuoni. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957 na kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, nacho kimetoa wataalamu wengi. Lakini wengi zaidi walikaa kwenye kibao mbele ya duka la fundi mkubwa, wakashika taa, wakatumwa vifaa, wakatazama, hadi siku walipoachiwa redio iliyokufa waifufue. Hivyo ndivyo walivyofunzwa pia maseremala na masonara wa zamani.

Mwisho, baada ya antena na waya, fundi aliuliza swali lililoonekana dogo: "Tuiweke wapi?" Nyumba nyingi zilijibu kwa kuiweka sebuleni, juu ya kabati, na kuifunika kitambaa cha kufuma mchana. Lakini wako walioielekeza dirishani au mlangoni, ili watoto wa jirani waliosimama nje waone. Katika jibu hilo mtu alijieleza bila kutoa hotuba.

Video, dishi na king'amuzi

Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya uingizaji wa bidhaa, na mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka. Mashine za video, ambazo aina yake iliyoenea zaidi ilitoka Japani mwaka 1976, zikaingia kwa wingi. Wasiokuwa na mashine walikwenda kwenye vibanda vya video, wakalipa kiingilio kidogo, wakaketi juu ya mabenchi. Huko ndiko baadaye ulikochipuka ufundi mwingine wa Kitanzania, wa msimulizi anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Msimulizi hakufasiri maneno tu. Alieleza, alitania, alionya. Ngano ya penye moto ilikuwa imehamia mbele ya kioo.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya Bara, vya watu binafsi, vikaanza kurusha picha. Baadaye serikali ikaanzisha televisheni yake, ambayo tangu mwaka 2007 imo katika Shirika la Utangazaji Tanzania. Zanzibar nayo iliunganisha redio na televisheni yake mwaka 2013 kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Milingoti iliyokuwa imeelekea kaskazini ikaanza kugeuzwa.

Kisha likaja dishi. Setilaiti ya matangazo hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta, ikizunguka sawasawa na dunia, hata ikaonekana imesimama mahali pamoja. Kwa kuwa Tanzania iko karibu na Ikweta, madishi makubwa ya mwanzo yalilala karibu chali, yakitazama utosini mwa mbingu, na yakakusanya majani na vumbi. London dishi huinamia upande wa kusini kama mtu anayechungulia dirishani. Fundi wa Kitanzania, hata akiwa amesoma maelekezo ya Ulaya, hakuweza kuyafuata kama yalivyo. Ilimlazimu aipime mbingu ya kwao.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miaka miwili na nusu kabla ya Juni 2015, wakati uliowekwa kimataifa. Toka hapo seti ya zamani haikuona kitu bila kifaa cha kuisaidia, ambacho Waswahili walikiita king'amuzi. Jina hilo limetokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Ni ushahidi kuwa lugha yetu haikosi neno pale watu wanapokielewa kitu. Lakini king'amuzi kilileta na jambo jingine: idhaa nyingi zikawa za kulipiwa kila mwezi, na asiyelipa akazimiwa. Mlango wa televisheni ulifungwa kutoka mbali, na fundi wa juu ya paa hakuwa na ufunguo wake.

Hitimisho

Leo kioo chembamba hutundikwa ukutani kwa skrubu nne, na fundi hupima ili katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyeketi, sentimita 100 hadi 110 hivi kutoka sakafuni. Nyumba zenye uwezo zina kioo kimoja sebuleni na kingine chumbani, na watoto wana vioo vyao mikononi. Hatusemi kuwa hayo ni mabaya. Mwanafunzi anayetazama somo la kemia akiwa Songea amepata kitu ambacho baba yake hakukipata. Tunasema tu kuwa safari ya chombo tangu barazani hadi mkononi mwa mtu mmoja ni historia, na kwamba kila hatua yake iliamuliwa na watu. Haikuja yenyewe kama mvua.

Hofu ya miaka ya 1970, kwamba chombo kitafungiwa mlango, haikuwa hofu ya wajinga. Sehemu yake imetimia. Hata hivyo, siku ya mechi kubwa, seti bado hutolewa nje ya duka ikawekwa juu ya kreti, waya ukapitishwa dirishani, na mtaa mzima ukasimama. Anayeitoa hajaagizwa na mtu. Anafuata desturi iliyo kongwe kuliko umeme.

Kwa walimu tunapendekeza kazi moja. Karibu kila kata ina mzee aliyewahi kufunga milingoti, kutengeneza redio, au kuendesha kibanda cha video. Wanafunzi waende wamwulize: seti ya kwanza ya mtaa huu iliwekwa wapi, nani aliifunga, na nani waliruhusiwa kuitazama? Majibu yaandikwe na yawekwe shuleni. Mitambo ya vituo ina kumbukumbu zake serikalini. Kumbukumbu za mapaa zimo vichwani mwa wazee hao, na wakiondoka nazo zitaondoka.